Kipokezi Namba 214

Kompyuta inauliza urefu wa tshimini.
Naandika.
Inauliza upana wa mdomo wake, joto la pumzi yake,
gramu za salfa anazotema kila sekunde.
Najibu kama karani wa zahanati
anayejaza kadi ya mgonjwa asiyekuja.

Kisha upepo. Kiangazi hutoka kusini-mashariki,
wa kivivu, unaoburuta miguu,
na alfajiri za Juni baridi huufunika Lubumbashi
kama kifuniko juu ya bukari.

Ardhi je? Tambarare, au ina vilima?
Hapo nikakaa kitambo.
Mumbunda ni kilima?
Baba alikuwa kwenye zamu zilizoumwaga,
usiku, ungali uji mwekundu,
akarudi nyumbani nyusi zimeungua.
Hakuna safu ya kuandika hayo.
Nikaandika: kilima.

Halafu vipokezi, yaani nukta
ambapo programu husimama kuhesabu sumu.
Kimo cha kawaida, mita moja na nusu:
pua ya mtu mzima, aliyesimama, asiye na kazi.
Nukta ya 214 imeangukia Penga-Penga,
uani kwa shangazi Kabange.
Naujua ua huo. Kamba ya nguo, mpapai dume,
na Kyembe, miezi tisa, anayetambaa akionja udongo.
Nikaishusha nukta hadi sentimita thelathini.
Namba ikasogea kidogo tu,
tarakimu ya tatu baada ya desimali.
Profesa angesema, puuza.

Nikampigia shangazi: kesho usianike kabla ya saa tatu.
Akacheka hadi akakohoa.
«Mashine hiyo umeinunua bei gani?
Mimi natazama matembele.
Yakitoka madoa meupe kama yamemwagiwa chumvi ya moto,
naingiza nguo, naingiza mtoto.
Jumanne yalitoka.»

Jumanne? Kwenye ramani yangu Jumanne ni kijani kibichi,
safi, mtu angeweza kuzaliwa humo.
Nikachungulia faili la upepo: limetoka Luano,
uwanja wa ndege, kilomita kadhaa kutoka kwenye kamba ya nguo.

Nikaifuta Jumanne.
Penye chanzo cha data nikaandika:
matembele, kwa Kabange.
Programu ikakataa. Inataka namba.

Nikapiga simu tena.
Shangazi, samahani, umelala?
Yalikuwa majani mangapi?