Ghairi

Duka langu la kuchapa liko nyuma ya mizani ya mahindi, Kibaigwa,
mlango wa bati la bluu, vumbi la malori ndilo pazia.
Kompyuta ni moja. Niliipata mnadani Dodoma mjini,
mali ya ofisi fulani; kibandiko cha namba ubavuni
nimekikwangua kwa kisu, kimegoma.

Ilikuja na mfumo wa kuiba.
Kila asubuhi kioo kinaniandikia: wewe si mteja halali.
Mimi, Sechelela, ninayelipa pango tarehe mosi,
naambiwa hivyo na chombo nilichokitolea laki mbili na nusu!

Yeriko wa shangazi akaja likizo, flashi shingoni kama hirizi.
Akafuta vyote, akaweka mfumo mwingine,
wa bure, ulioandikwa na watu wasiojuana
na kuachwa wazi: fungua, tazama utumbo wake,
ukiona kasoro rekebisha, kisha mpe jirani.
"Bure? Na wanakula nini?"
Akacheka. Swali likabaki kwangu.

Printa iligoma siku nne.
Siku nne nikamlaani Yeriko na ukoo wake,
ambao ni ukoo wangu.

Na maoni hapa hayapimwi kwa debe, yanamwagwa.
Ndahani dalali: "Rahisi inaponza. Cha bure kina mwenyewe,
amejificha tu, anakuhesabu."
Mwalimu Chisinjila, bahasha ya mitihani kwapani:
"Penye wengi hapaharibiki neno."
"Ng'ombe wa watu kumi," Ndahani akamkata, "hufa kwa kiu,
kila mmoja akidhani mwenzake kamnywesha."
Niliona wote wana haki. Nikaendelea kudurufu.

Shamba la mama kule Hombolo lilianza na vijiti saba vya zabibu,
alivyopewa na mtu ambaye jina lake tumelisahau.
Mtu yule hakupungukiwa na mzabibu.
Hilo nalielewa.
Ila yeye alimwona mama, alimwona na jembe begani.
Hawa wa Yeriko wamemwona nani?

Kivinjari nacho kinasema Kiswahili,
Kiswahili kilichofunga tai.
Ukitaka kuchapa kinakuletea vitufe viwili:
Chapa. Ghairi.
Mama Nyemo muuza alizeti akanishika mkono:
"Huyu Ghairi ndiye mtendaji mpya?"

Usiku Yeriko akanielekeza kwa simu pa kupita.
Pendekeza neno, toa sababu.
Nikaandika: Acha.
Sababu: watu wa Kibaigwa hawamjui Ghairi.
Mtu nisiyemjua akajibu kwa adabu,
kwamba ghairi ni neno fasaha, limo kwenye kamusi.
Nikamjibu: kamusi haijawahi kuja kuchapa hapa.

Kimya. Wiki tano.
Mahindi yakapanda bei, yakashuka.
Halafu sasisho likaja usiku, likanimalizia bando la siku tatu,
nami nimeshafungua mdomo kutukana
nikaona pale chini, kwenye kitufe cha kijivu,
herufi nne:
Acha.

Nikakaa.
Nje walikuwa wakishusha magunia, wakihesabu kwa sauti.
Labda kuna mtu Tunduru, au Bujumbura,
kidole kiko juu ya neno langu muda huu huu
na hajui kwamba lilitoka nyuma ya mizani.
Hakuna aliyenilipa. Wanakula nini?
Mimi siku ile nilikula ugali wa uwele na mlenda,
kama jana yake.

Kesho yake Ndahani akaleta mkataba wa tani nane.
Akainamia kioo, miwani puani.
"Acha? Nani huyu ananiambia niache?"

"Mimi," nikasema. "Na ni mia mbili kwa ukurasa."