Gramu Mia Tatu

Daktari mpya wa Ísafjörður, kijana wa ndevu changa,
aliniuliza: Halldóra, kazini unainua nini kizito?
Nikamwambia ukweli. Kipande cha samaki. Gramu mia tatu.
Akaandika: kazi nyepesi.

Nyepesi, naam. Hata mtoto angeiweza,
kwa dakika kumi.

Meza yetu ni kioo, chini yake taa.
Mnofu wa chewa unapita juu ya mwanga, unang'aa
kama pazia la asubuhi,
na ndani yake mnyoo, kahawia,
amejikunja kama uzi uliokatwa kwa meno.
Kibano kinashuka, kinanyofoa. Kingine.
Kinashuka, kinanyofoa. Kingine.
Shingo imeinama, bega la kulia limepanda hadi sikioni
kana kwamba lina siri ya kuninong'oneza,
na siri yenyewe ni hiyo hiyo: kingine.

Siku moja Wiesława, anayenikabili mezani,
alipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mshahara:
vipande kwa zamu, zamu kwa miaka ishirini na sita.
Alipofika kwenye tani akaweka penseli chini.
"Tumebeba meli, dada," akasema. "Na nanga yake."

Haba na haba, basi. Kibaba changu kiko hapa,
kati ya shingo na bega, kigumu kama njegere mbichi.
Kilikuja kama mgeni wa usiku mmoja;
sasa kina ufunguo wake.
Kamba ya nguo nimeishusha hadi kiunoni.
Nywele nimekata.
Gari nalirudisha nyuma kwa sala.

Chumbani mwa kubadilishia nguo
Wiesława hunikanda kwa kiwiko, nami humvua fulana,
maana mkono wake wa kushoto haupandi tena.
Tukijumlishwa, tunatoa mwanamke mmoja mzima.

Jumamosi Sölvi, mjukuu wangu, alipiga kelele uani:
Bibi, tazama juu! Mbingu inawaka kijani!
Juu. Juu ni kwa wenye shingo.
Akakimbia ndani, akarudi na kioo cha bafuni,
akakishika usawa wa tumbo langu.
Nikainama, hilo nalijua,
na mbingu yote ikapita chini ya macho yangu, iking'aa.

Nilitaka kusema ni nzuri.
Lakini kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeshakutana,
vinatafuta mnyoo.