Urithi wa Kwenda Chini

Nisamehe, baba. Siku tuliyokuzika
niliinama juu ya shimo nikahesabu tabaka.
Watu walidhani nalia.
Shubiri ya kwanza: kichanga chekundu, chepesi kama unga wa uwele.
Chini yake changarawe, na mzizi mmoja wa mkungugu
ambao Chilewa alikataa usikatwe.
Kisha sururu ikagonga, ikatoa cheche,
wachimbaji wakakaa ukingoni, wakaomba maji.
Ndiyo kazi niliyosomea. Sina macho mengine.

Arobaini ilipokwisha ikaletwa kamba ya katani.
Eka kumi na nane, kutoka kilimani mpaka mbugani,
zikakatwa mara tatu, sawasawa kama mkate wa sikukuu:
juu Ndahani na ng'ombe wake,
katikati Chilewa na viriba vyake vya miche,
chini, barabarani, Nyemo, mwenye hela ya kujenga.
Mimi nina mshahara, wakasema. Nikapewa jembe lako.
Kamba ilipima urefu, ikapima upana.
Hakuna aliyeuliza habari za chini.

Nilimwambia Nyemo: huu mweusi si udongo wa kubeba nyumba.
Kiangazi hupasuka, mkono wa mtoto ukazama hadi kiwiko.
Masika hunywa, hufura,
nyumba yako itainuka kama ng'ombe anavyoinuka,
nyuma kwanza.
Akacheka. "Udongo ni udongo, kaka.
Wewe umezoea kuuweka kwenye vimfuko."
Akamwaga msingi. Bati la kijani, nguzo nne, vigae.
Januari ya pili ufa ukaanzia pembe ya dirisha,
ukapanda tofali kwa tofali kama mtu anayepanda ngazi,
na mlango wa choo ukagoma kufunga
mbele ya wageni kutoka Kongwa.

Kilimani, njia ya ng'ombe wanane ikawa mfereji,
mfereji ukawa korongo.
Kwato zilikata, mvua ikabeba.
Pale juu udongo ulikuwa nguo moja tu mwilini,
sasa mawe yako uchi,
na ile nguo, nimeiona, imetua uani kwa Nyemo,
imefunika ngazi mbili za kibaraza.
Mawe ya mpaka hayajasogea hata kidole.
Shamba ndilo limehama.

Chilewa alipanda mijohoro mia mbili.
Hakuonja ardhi. Mbuzi walishaionja zamani:
pale walipokuwa wakilamba pana magadi,
maji yanasimama juu, mizizi inakufa kwa kiu.
Imebaki kumi na moja, yote imezunguka kichuguu.
"Mchwa," akaniambia, "wamesoma kuliko wewe."
Sikubisha.

Wewe hukuwa na cheti, baba.
Tembe lako ulilichimbia begani mwa kilima, kwenye changarawe.
Ng'ombe hukuwashusha mbugani mpaka tope likauke,
majani yamesimama, kisigino hakizami.
Kileleni hukulima, hukuchoma, hukuchunga.
Tulikuita mvivu. Mimi ndiye niliyeanza.

Juzi niliwakusanya, nikachora mchangani kwa kijiti:
miti ipande juu, ng'ombe washuke,
nyumba zikae katikati ya bega.
Ndahani akatazama kijiti, hakutazama mchoro.
Nyemo akasema hati yake iko benki, na benki haibadilishani.
Chilewa akaenda kumwagilia ile kumi na moja.

Lakini jioni Nyemo alirudi peke yake.
Nilikuwa napalilia kaburi lako.
Halijatitia. Halina ufa.
Katika sisi sote, wewe ndiye uliyepata kiwanja.
Alivua kiatu, akapiga chini kwa kisigino, mara mbili,
kama mtu anayebisha hodi.
"Hapa mpaka jiwe ni futi ngapi?"
Nne, nikamwambia. Nilihesabu.
Hakuniuliza lini.
Akanyoosha kidole upande wa magofu ya tembe:
"Na pale?"