Mchunga wa Hebden Bridge

Sikwenda kutafuta dawa. Mvua ndiyo iliyonisukuma.
Treni ya Halifax imechelewa dakika arobaini,
nami nimetoka zamu, mikono inanuka sabuni ya hospitali,
shuka mia nne na ngapi sijui, niliacha kuhesabu alfajiri.

Duka lake liko nyuma ya mfereji. Kengele mlangoni,
mitungi ya kioo hadi darini,
na ukutani picha ya mtu asiye na uso,
duara saba toka makalioni hadi utosini,
kama taa za njia panda zilizopandishwa cheo.

"Vituo vya nguvu," akasema Glenys Sutcliffe,
miaka sitini hivi, sweta lina vumbi la manjano.
"Kimoja kikiziba, vyote vinasimama."
Nikacheka kimoyomoyo. Hilo nalijua,
mimi ni abiria wa reli ya huku.

Panauma wapi? akauliza.

Utamwambiaje mtu, kwa lugha yake,
kwamba una tumbo joto na huna homa;
kwamba barua ya uhamiaji imekukata maini
na maini yote yapo, hayajapungua;
kwamba kwenu wanakusifu una kifua,
na kifua hichohicho ndicho kinachokuua?
Nikajibu: mgongo.

Akaanza kufungua mitungi.
Tangawizi na iliki, za tumbo. (Kwa bei ile
Muheza ningebeba kikapu.)
Waridi kavu la moyo, na tunda jekundu
la ule mti wa miiba unaoota kando ya reli.
Majani ya kijivu, laini kama sikio la paka,
hayo ya koo. Cha paji la uso alikiruka,
simu ililia, mtu anauliza kama wanafungua Jumapili.

Kisha akarudi akainama rafu ya chini:
"Hiki ni kituo cha mzizi. Watu hawakitaki, hakina harufu."
Vipande vya kahawia, kama kucha za mzee.
"Magugu tu. Yanaota hata kwenye nyufa za maegesho."
Akafungua mlango wa uani anionyeshe mmea wenyewe
kwenye ndoo iliyotoboka: majani ya msumeno,
ua la njano limefumba kwa mvua.

Nikasema: mchunga.

Kwa sauti. Siku ya kumi na moja
tangu nimtamkie mtu neno la Kiswahili ana kwa ana.
"M-chu-nga," akajaribu, ulimi ukimteleza.

Si mchunga, najua. Binamu yake labda,
aliyezaliwa baridini. Nikachuma jani, nikatafuna.
Uchungu uleule,
ule aliokuwa akiupenda kaka yangu Hiza,
kwa nazi nzito na dona, akilamba vidole, akisema
asiyeujua mchunga hajakaa mezani na watu.

Hiza tumemzika mwezi wa pili.
Nasema tumemzika.
Mimi nilikuwa nakunja shuka.

Glenys hakusema koo limefunguka.
Alisogeza kigoda kwa mguu, akatenga birika.
Sijui kama mwili una duara, wala rangi zake.
Najua chai ile ilipofika kifuani ilisita,
kama treni inayopita mahali penye mafundi,
polepole, honi mbili,
kisha ikashuka mpaka chini, mahali ambapo sijawahi kupatajia jina.

Treni ya dakika arobaini ilikuja ikaondoka.
Nikalipa paundi tatu na peni arobaini.
Kwenye pakiti ameandika kwa kalamu nene:
MCHUNGAA. A moja imezidi.
Sikumsahihisha.

Jukwaa namba mbili, mvua bado.
Nikampigia wifi yangu. Akapokea, akanyamaza,
kwa kuwa tangu msiba nilikuwa namtumia pesa, sio sauti.
Nikamwambia, hujambo mke wa Hiza.
Nikalitamka jina zima.