Volti Mia

Kaka Mchopa alirudi Ligula na redio ya Osaka:
spika mbili za mbao, amplifaya nzito kama jiwe la kusagia.
Nyuma yake, kwa herufi za sisimizi: volti mia.
Nani asome? Sote tulikuwa tunasogeza viti.

Akachomeka.
Pu! — kisha harufu
ya maganda ya korosho motoni.
Mama Somoe akafungua dirisha, hakusema neno.

Fundi Likanga akachungulia, tochi kaibana kwa meno:
"Umeme wetu hauna ubaya.
Mmeilisha mara mbili ya tumbo lake."

Siku hizi chini ya meza transfoma inanguruma,
inapunguza, inapunguza.
Taarabu inatoka safi, majirani wamejaa ukumbini.
Kaka kala nusu sahani,
anaomba tufunge mlango.