Salio Halitoshi

Benki ya kwanza ina vioo hadi juu
na baridi ya chumba cha maiti.
Kijana mwenye tai akaniuliza nitaanza na kiasi gani.
Ishirini, nikasema.
"Ishirini elfu?" Macho yakang'aa.
Dola ishirini, mwanangu. Noti mbili za kumi,
moja imechanika pembeni.
Akairudisha ile iliyochanika kwa ncha ya kidole,
kama mtu anayemwondoa mende kwenye sahani ya mgeni.

Ya pili, walinitafuta kwenye orodha.
Nilijiona kabla yake, herufi zimepinduka kwenye miwani yake:
Kabwita Musao, Odile. Bunga kwa jumla, soko la Kenya.
Amefilisika.
Neno lilikaa pale kama mkwe asiyealikwa.
Akanipa maji. Sikuyanywa.

Angejuaje malori matatu yaliyolala Kasumbalesa
siku ishirini na sita, mvua ikipenya maturubai,
bunga ukigeuka keki ya kijani?
Siku yalipovuka, bei ikaanguka.
Karani wa tribinali akaandika kila kitu:
mizani, makufuli, kiti changu.
Hata paka alitaka kumwandika.

Ya tatu iko kando ya famasia, njia ya kwenda Katuba:
dirisha moja, foleni ya walimu.
Hapa niliuliza mimi.
Mnakata ngapi kwa mwezi? Na nikitoa?
Na nikiuliza salio tu?
Na mwezi nisioweka kitu, mnakula nini?
Madamu Chishimba akacheka, akahesabu kwa vidole:
dola moja kwa mwezi, kutoa mara mbili bure,
hakuna kitabu cha hundi, hakuna kukopa,
hakuna kushuka chini ya sifuri.
"Hii ni konti ya chini kabisa, mama."
Chini napajua, nikamwambia. Angalau pana sakafu.

Kazi? Kalamu ikasubiri.
Ninauza bunga kwa meka.
Akaandika bila kuinua kichwa,
na hilo lilinituliza kuliko yale maji.

Haba na haba, marehemu mama alikuwa akisema.
Kibaba chake hakikuwa na tundu la dola moja kila mwezi.
Basi nalihesabu tundu pia.
Tarehe tatu naacha ya benki.
Tarehe tano ya umeme, uwepo usiwepo.
Ya shule ya Deo haiguswi hata tukila bukari na chumvi.
Ya wadai naipeleka mwenyewe, kwa miguu,
na risiti naibandika ukutani, karibu na kalenda.
Namba ya siri ni saa na dakika ya jambo fulani.
Hata Deo hajui.

Juzi shemeji Kaumba akaja anahema:
mifuko mia, bei ya kutupa, leo tu!
Moyo ukaruka, ule wa zamani, wenye funguo nyingi kiunoni.
Nikaenda mashineni, nikabonyeza mia tatu.
Mashine ikafikiri.
Salio halitoshi.

Nilisimama pale, watu wakikohoa nyuma yangu.
Miaka kumi na minne kila mtu aliniambia ndiyo.
Ndiyo mama, chukua, utalipa.
Ndiyo, saini hapa, na hapa.
Mume wangu, Mungu amrehemu: ndiyo.
Mimi mwenyewe kwenye kioo, asubuhi, nikifunga kitambaa: ndiyo, ndiyo.
Na wa kwanza kuniambia hapana
ni sanduku la chuma lenye taa ya bluu.

Nikabonyeza kumi.
Ilitoka safi, haina hata kunjo.

Kaumba bado amenuna, haniamkii.
Ile iliyochanika ninayo,
katikati ya kitabu cha nyimbo,
nayo ni kumi pia.
Iko siku atapatikana wa kuipokea.