Sekunde Moja ya Mpira

Jadida, Wete, saa nne za usiku.
Nimeukata mpira vipande elfu kumi na nane
bila kisu,
kila kipande nimekifunga kwa jirani yake
kwa springi isiyoonekana,
nikakipa uzito, nikakipa ukaidi wa raba,
nikaandika: pumzi, paundi thelathini na tano.
Haya, nikauambia, biringika.

Hauna haraka.
Sekunde moja ya safari yake, mizunguko minane,
ni saa sita za kompyuta hii ya mtumba.
Feni inakoroma, meza ina joto la kikaango,
nami nimekaa pembeni kama muuguzi.

Na kweli kuna mgonjwa.
Ni mpira wa gari ya hospitali.
Faki, dereva wake, alikuja alasiri
akaitandaza mikono yake mezani, bado inacheza:
"Ikifika sitini na mbili, usukani unashikwa na homa.
Chini ya hapo, kimya. Juu ya hapo, kimya.
Juzi nna mzazi nyuma, namtoa Konde,
ananambia, kaka, huyu atazaliwa keshachekechwa."
Akacheka, Faki. Si sana.

Ami Shaame, fundi wa pancha pale Bopwe,
aliupapasa kama apimaye paji la mtoto.
"Umeshiba mno. Utoe paundi nne."
Umejuaje, Ami?
"Nnajua."
Miaka minne nimesomeshwa kutolikubali neno hilo.

Mzunguko wa tano, umeme ukakatika.
Betri ikasukuma mpaka wa sita, ikafa,
na mpira wangu ukabaki pale,
umebonyea kidogo mahali ulipogusa lami
isiyo na vumbi wala mbuzi,
umesimama ndani ya sekunde isiyokwisha.
Nikalala sakafuni, nikauota umeninunia.

Kesho yake nikaanza upya.
Mizunguko minane, na mstari umelala
kama maji ya mtungi. Mpira wangu ni mzima.
Mgonjwa ni ule wa kweli.

Siku ya tatu ndo nikakumbuka kiraka.
Ndani, mkabala na vali, gramu arubaini za raba na gundi,
kazi ya Ami mwenyewe, ya mwezi wa Ramadhani.
Nikakiongeza. Mstari ukanyanyuka penye sitini na mbili
kama shingo ya kuku aliyesikia mlango.
Nikatoa zile paundi nne.
Mtetemo hautoki. Unahama.
Unashuka mpaka hamsini na nne, unakaa huko,
kama mdai aliyebadilisha baraza.

Nani atamwambia?

Nikaenda kwa miguu hadi Bopwe.
Ami alisikiliza hadi mwisho, jeki mkononi.
"Kiraka changu?"
Chako.
Safari hii hakusema nnajua.
Akakata kipande cha risasi, akakipima kwa kiganja,
akakigonga kwenye ringi, upande wa vali.
Nilikuja na mizani ndogo mkobani. Sikuitoa.

Faki ameondoka. Tunamsikia akibadilisha gia mlimani,
ya tatu, ya nne.
Sasa ni hamsini. Sasa, kwa hesabu yangu, sitini.
Ami amenyoosha kiganja hewani, kimetulia,
kana kwamba mpira bado uko chini yake.